Goti Limeumia na Bima Huna: Pesa Yako Ianzie Wapi

Vijana wa mpira wa mchangani, madereva wa bodaboda na akina mama wa sokoni hupita njia ileile wakiumia goti. Siku ya kwanza ni sindano ya maumivu. Jioni ni maji ya moto na chumvi. Kesho yake anaitwa mzee anayejua kuchua. Wiki zinapita, goti bado limevimba, ndugu wanachangishana, na mchango wote unaishia kwenye kipimo cha MRI katika hospitali ya binafsi. Majibu yanatoka kwenye bahasha kubwa, yameandikwa Kiingereza, yanasema kano imechanika. Nauli ya kumrudia daktari ili ayaeleze haipo tena.

Jambo hili huniuma kwa sababu pesa ilikuwepo. Imeliwa na mpangilio mbaya. Mwenye bima anaweza kuanza popote na bado akafika. Asiye na bima akikosea hatua ya kwanza hana cha kurekebishia. Kwa hiyo shauri langu kwa anayelipa kutoka mfukoni ni hili: shilingi ya kwanza ilipe mikono ya mtu anayejua kulichunguza goti, ya pili ilipe mafunzo ya mazoezi, na mashine na kisu vije mwisho, kama vitahitajika. Na kabla ya shilingi yoyote kutoka, hakikisha goti lako si lile lisiloweza kusubiri.

Goti lisilosubiri

Zipo hali chache ambazo hata mfuko ukiwa mtupu unakwenda hospitali saa hiyohiyo, na habari ya malipo inajadiliwa ukiwa ndani.

Kubwa kuliko zote ni goti lililotenguka kabisa, mfupa wa paja ukaachana na wa muundi. Wakati mwingine linarudi lenyewe na watu wanashukuru Mungu, kumbe mshipa mkubwa wa damu unaopita nyuma ya goti umeshaumia. Shika unyayo: una baridi kuliko wa upande wa pili? Vidole vimepauka? Kuna ganzi, au unashindwa kuupandisha unyayo juu? Mguu uliokosa damu una saa kama sita tu kabla misuli haijaanza kufa, na ukichelewa unaweza kukatwa. Hapo asiruhusiwe mtu yeyote kuvuta wala kuchua. Tafuta usafiri.

Goti lililovimba, lenye joto, pamoja na homa, nalo halisubiri, hasa kama hukumbuki kuanguka. Kwetu homa hupewa jina la malaria kabla ya kipimo, na ndivyo usaha unavyopata siku za kula gegedu ndani ya goti. Pima malaria, sawa, lakini mwonyeshe mhudumu goti pia. Kwa mtoto, na kwa mwenye selimundu, usilale na hali hiyo hata usiku mmoja.

Ukilala chali na kushindwa kabisa kuunyanyua mguu ukiwa umenyooka, huenda kano inayoshika pia ya goti imekatika. Hii hushonwa, na ikishonwa mapema hupona vizuri zaidi. Goti lililokwama, yaani limegoma kunyooka kana kwamba kuna kitu kimeingia katikati, mara nyingi lina kipande cha gegedu kilichojikunja ndani. Litafutie daktari wa mifupa ndani ya siku chache. Na kama siku au wiki baadaye nyama ya nyuma ya mguu, chini ya goti, inavimba, inauma na kuwa ngumu, hofia damu iliyoganda kwenye mshipa. Hiyo inaweza kusafiri hadi mapafuni.

Kuna la watoto na vijana ambalo hupuuzwa sana: maumivu ya karibu na goti yanayozidi usiku, uvimbe unaokua polepole, hakuna ajali iliyotokea. Uvimbe wa saratani ya mfupa hupenda eneo hilo katika umri huo. Hapo picha ya eksirei inahitajika mapema, na haifai kungoja mwisho wa mwezi.

Je, aliyeanguka tu anahitaji eksirei? Mwaka 1995 madaktari wa Ottawa, Kanada, walitoa kanuni ambayo imejaribiwa katika nchi nyingi, na faida yake kwa mtu asiye na pesa ni kubwa. Baada ya goti kuumia, piga eksirei ikiwa mgonjwa ana miaka 55 au zaidi. Au pia ya goti inauma ikibonyezwa ilhali sehemu nyingine za goti haziumi. Au kichwa cha kimfupa cha upande wa nje, chini kidogo ya goti, kinauma kikibonyezwa. Au goti halikunjiki kufikia pembe mraba. Au alishindwa kutembea hatua nne, pale alipoumia na tena pale hospitalini, hata kwa kuchechemea. Kukiwa hakuna hata moja kati ya hayo, uwezekano wa mfupa kuvunjika ni mdogo mno. Ukiambiwa upige picha, una haki ya kuuliza kwa adabu inatafuta nini. Kumbuka pia kwamba eksirei huonyesha mifupa. Kano na magegedu haiyaonyeshi, kwa hiyo picha safi haimaanishi goti zima.

Siku za mwanzo nyumbani

Kabla uvimbe haujawa mkubwa, angalia saa. Goti lililovimba ndani ya saa mbili za kwanza lina damu ndani yake mara nyingi, na damu hiyo hutokana na kano ya ndani iliyochanika, ile ambayo wachezaji huiita ACL, au mfupa uliopasuka, au pia ya goti iliyohama pembeni ikarudi. Goti lililovimba kesho yake asubuhi huelekea zaidi kwenye gegedu au mteguko mdogo. Kumbuka pia kama ulisikia mlio wa kukatika, kama kuna mtu alikugonga au uligeuka peke yako, na kama uliweza kuendelea na mchezo. Yaandike kwenye simu siku hiyohiyo. Maelezo haya yana thamani kwa daktari kuliko vipimo vingi, na hayana bei.

Sasa maji ya moto. Najua bibi alikanda na watu wakapona. Lakini katika siku tatu za kwanza damu na majimaji bado vinavuja ndani ya goti, na joto hufungua mishipa ivuje zaidi. Kuchua kwa nguvu kunafanya vilevile, tena kunaweza kuongeza mpasuko wa kano. Acha vyote viwili mpaka uvimbe uanze kushuka. Baadaye, maji ya uvuguvugu kabla ya mazoezi hayana ubaya na hulegeza misuli.

Kinachofaa mwanzoni ni baridi. Huhitaji pakiti maalumu ya dukani: maji ya kandoro yaliyoganda, yakifungwa kwenye kipande cha khanga, hukaa vizuri juu ya goti kuliko kipande kigumu cha barafu. Weka dakika 15 hadi 20, toa, rudia kila baada ya saa mbili tatu ukiwa macho. Usiweke barafu kwenye ngozi tupu. Funga bandeji ya kuvutika kuanzia chini ya goti kupanda juu, ikaze kiasi ambacho kidole bado kinapenya. Vidole vya mguu vikifa ganzi au kuvimba, legeza. Ukiketi au kulala, mguu uwe juu kuliko kifua.

Kuna kosa moja la kulala: mto chini ya goti. Raha yake ni kubwa kwa sababu goti lililojeruhiwa hupenda kukaa limekunjwa kidogo, na likizoea hivyo wiki mbili, kulinyoosha tena ni kazi ya miezi. Weka mto chini ya kisigino na muundi, goti libaki limenyooka.

Dawa ya kuanzia ni parasetamoli. Mtu mzima hutumia vidonge viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa sita, na visizidi vinane kwa siku. Ikiwa haitoshi, ibuprofeni ya miligramu 400 baada ya chakula, mara tatu kwa siku, kwa siku chache tu. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au moyo, presha ya juu, au mjamzito, asiiguse bila kuuliza. Diklofenaki ni ndugu wa ibuprofeni, kwa hiyo usizichanganye, na soma boksi, maana vidonge vingi vinavyouzwa kwetu vina diklofenaki na parasetamoli ndani ya kidonge kimoja. Watu hujikuta wamekunywa parasetamoli maradufu bila kujua. Vidonge visivyo na jina, vilivyofungwa kwenye karatasi na kusifiwa kwamba vinamaliza maumivu usiku mmoja, viache dukani. Baadhi huwa na steroidi, ambazo zikitumiwa bila mpango hupandisha sukari na presha na kudhoofisha mifupa.

Halafu kuna maisha yenyewe. Choo cha kuchuchumaa ni adhabu kwa goti bovu. Fundi seremala au mtu mwenye msumeno atakata tundu kwenye kiti cha plastiki, kikawekwa juu ya choo, na mgonjwa akaacha kujinyima maji ili asiende chooni. Anayeswali aswali ameketi kwenye kiti mpaka goti liruhusu kusujudu; ruhusa hiyo ipo kwa mgonjwa. Mpishi wa jiko la chini anyanyue jiko au akae kwenye kiti kirefu.

Magongo usinunue kabla hujauliza. Karibu kila mtaa kuna nyumba yenye magongo yanayokaa nyuma ya mlango baada ya mtu kupona. Yapime: juu yabakize nafasi ya vidole viwili au vitatu chini ya kwapa, na mshikio ufike usawa wa kifundo cha mkono. Uzito ubebwe na mikono. Kwapa likibebeshwa uzito, mishipa ya fahamu ya mkono huumia. Ukifikia kutumia fimbo moja, ishike upande wa goti zima. Wengi huishika upande wa ugonjwa, na ndiyo maana haiwasaidii.

Shilingi ya kwanza: mikono

Uvimbe ukianza kushuka, baada ya wiki moja hivi, ndipo goti linapochunguzika vizuri, kwa sababu misuli imeacha kujikaza kwa maumivu. Nenda hospitali ya wilaya au ya mkoa na uulize siku ya kliniki ya mifupa na siku ya fiziotherapia. Hospitali nyingi kubwa zina kliniki ya kawaida na kliniki ya kulipia zaidi ili uonwe haraka, mara nyingi na wataalamu walewale. Kama goti lako si la dharura, foleni ya kliniki ya kawaida inakuokolea pesa ya mazoezi. Kama kuna uwezekano wa kuhitaji hospitali ya juu zaidi, iwe Taasisi ya Mifupa ya MOI pale Muhimbili, KCMC ya Moshi, Bugando ya Mwanza au Benjamin Mkapa ya Dodoma, omba barua ya rufaa yenye maelezo kamili, usiende mikono mitupu ukaanza upya.

Mtaalamu mzuri atalishika goti. Atalinganisha na lile zima, atavuta muundi mbele ilhali paja limeshikwa, atalisukuma kushoto na kulia, atabonyeza mstari wa kiungo. Kwa mikono iliyozoea, majaribio hayo hutambua kano iliyochanika kwa uhakika mkubwa. Ukiona umeandikiwa MRI na hakuna aliyekugusa goti, uliza swali moja: kipimo hiki kikionyesha hivi au vile, matibabu yangu yatabadilika vipi? Jibu likiwa kwamba kwa vyovyote utaanza na mazoezi, basi MRI inaweza kungoja. Wakati wake ni pale upasuaji unapofikiriwa kwa dhati, au goti limekwama. Na picha zozote ulizolipia ni zako: dai nakala na majibu, zihifadhi mbali na unyevu, nenda nazo kila uendako ili usilipie kitu kilekile mara mbili.

Shilingi ya pili: mazoezi

Wengi wakiambiwa mazoezi huona wametupwa, kwamba hilo ni tiba ya asiye na kitu. Nataka kulipinga hilo kwa nguvu zote. Huko Sweden, ambako mgonjwa hafilisiki kwa upasuaji, watafiti waliwachukua vijana na watu wazima 121 wanaopenda michezo waliochanika ACL. Nusu walifanyiwa upasuaji mapema pamoja na mazoezi. Nusu walianza na mazoezi, na upasuaji ukawekwa akiba kwa atakayeuhitaji. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010. Baada ya miaka miwili, magoti ya makundi haya mawili hayakutofautiana kwa maana, na katika kundi la mazoezi zaidi ya nusu walikuwa hawajahitaji kisu. Mwaka 2013, Wafini nao walitoa utafiti wa watu wazima wenye gegedu lililochanika kwa kuchakaa: waliokatwa kipande cha gegedu na waliofanyiwa upasuaji wa kuigiza tu walikuwa sawa baada ya mwaka mmoja. Kwa hiyo anayeanza na mazoezi anafanya kile ambacho tajiri mwenye daktari mwema angeshauriwa kufanya.

Kama pesa yako inatosha safari chache tu za fiziotherapia, usizimalize kwa wiki moja. Nenda mara ya kwanza mapema ufundishwe, rudi baada ya wiki mbili usahihishwe, kisha baada ya mwezi uongezewe ugumu. Mwambie mtaalamu wazi: "Nalipa mwenyewe, nitaweza kuja mara chache, naomba nifundishwe nifanye nyumbani." Omba ruhusa ya kujirekodi kwa simu ukifanya kila zoezi mbele yake. Wengi wao watafurahi, maana mgonjwa wa namna hiyo ndiye anayepona.

Kazi ya mwanzo, kuanzia siku za awali kabisa kama hakuna mfupa uliovunjika, ni kuamsha msuli wa mbele wa paja. Goti likivimba msuli huo hulala, na paja hukonda kwa wiki chache tu. Keti sakafuni, mguu umenyooka, weka khanga iliyokunjwa chini ya goti, kisha bonyeza khanga kwa goti huku ukikaza paja. Hesabu hadi kumi, legeza. Mara kumi, asubuhi, mchana na jioni. Kisha hamisha khanga iwe chini ya kisigino, uliache goti lining'inie lenyewe linyooke kwa dakika chache. Kunyooka kamili ni jambo la kupigania mwanzoni kuliko kukunja. Asiyenyoosha atachechemea milele, na sehemu ya mbele ya goti itamuuma. Kwa kukunja, vaa soksi au weka mfuko wa plastiki chini ya kisigino, ukitelezeshe kwenye sakafu kuelekea makalioni mpaka unapovutika, kisha rudi. Msuli ukiamka, nyanyua mguu mzima ukiwa umenyooka, kimo cha shubiri mbili, shusha polepole.

Ukishatembea bila kuchechemea, ingia hatua ya kubeba uzito. Keti kwenye kiti na usimame bila kutumia mikono, taratibu kushuka kuliko kupanda. Panda kizingiti au ngazi moja kwa mguu ulioumia, shuka ukiutawala, goti lielekee kidole cha pili cha mguu bila kuingia ndani. Lala chali, magoti yamekunjwa, nyanyua nyonga juu. Simama kwa vidole vya miguu. Simama kwa mguu mmoja unapopiga mswaki, na hilo likizoeleka, fumba macho. Tyubu kuukuu ya baiskeli, ikifungwa kwenye mguu wa meza nzito, inatosha kuvuta mguu mbele, nyuma na pembeni. Mfuko wa mchanga wa kilo moja ukifungwa kifundoni hufanya kazi ya vyuma vya jimu. Baiskeli yenyewe ni dawa nzuri ajabu kwa goti, mradi kiti kimepandishwa ili goti likaribie kunyooka pedali ikiwa chini, na uendeshe kwenye tambarare.

Utajuaje kama umezidisha? Goti lina lugha moja iliyo wazi, nayo ni asubuhi. Maumivu kidogo wakati wa zoezi yanakubalika. Yakiwa yameisha kesho asubuhi na hakuna uvimbe mpya, endelea na ongeza kidogo. Goti likiamka limejaa, punguza nusu kwa siku mbili, wala usiache kabisa. Pima mapaja yote mawili kwa futi ya fundi cherehani, upana wa kiganja juu ya pia ya goti, uandike. Tofauti ikipungua mwezi hadi mwezi, unaona faida kwa macho yako hata siku ambazo huihisi.

Mpira ni mwisho. Kabla ya kurudi uwanjani, chora mstari kwa chaki, ruka kwa mguu mzima peke yake uone umefika wapi, kisha ruka kwa ulioumia. Kama haufikii walau sehemu tisa kati ya kumi za ule mzima, hujawa tayari, hata kama ni nusu fainali ya ndondo na kocha anakubembeleza. Kwa aliyechanika ACL, awe amepasuliwa au la, fikiria miezi tisa na zaidi. Timu nzima ifanye mazoezi ya kupasha mwili ya FIFA 11+, yanachukua dakika 20, yanapatikana bure, na timu zinazoyafuata kwa uaminifu hupunguza majeruhi kwa kiasi kikubwa.

Kama kuna mwingine wa kulipa

Kukosa bima ya afya hakumaanishi kila senti itoke kwako. Ukiwa mwajiriwa Tanzania Bara na goti limeumia kazini, kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008. Mchango wake hulipwa na mwajiri peke yake, hukatwi mshahara, ndiyo maana wafanyakazi wengi hawajui kama wamo. Mfuko huo hugharimia matibabu ya ajali ya kazini. Toa taarifa kwa mwajiri mara moja, kwa maandishi, taja mashahidi, na ukiona anasuasua nenda mwenyewe ofisi za mfuko.

Ukigongwa na gari au pikipiki, au ukiumia ukiwa abiria wa daladala au bodaboda, kumbuka ile bima ndogo ambayo sheria inailazimisha kwa kila chombo cha moto. Imewekwa kwa ajili ya watu wengine wanaoumizwa na chombo hicho. Chukua namba ya usajili, piga picha eneo la ajali, toa taarifa polisi na upate fomu yao ya PF3. Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, ina mfumo wa kuhakiki bima kwa namba ya chombo. Tunza kila risiti, pamoja na za nauli na dawa. Mara nyingi dereva huomba myamalize kirafiki kwa pesa ya siku ile. Kumbuka kwamba siku ile hakuna anayejua kano ngapi zimechanika, kwa hiyo usisaini kuwa humdai kitu.

Hospitali za umma zina ofisa ustawi wa jamii, na kazi yake mojawapo ni kuwasikiliza wasioweza kulipa. Mwone kabla bili haijapanda. Beba barua ya serikali ya mtaa au kijiji inayoeleza hali yako, na kama kaya yenu iko TASAF, ushahidi wake. Mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo anastahili msamaha kwa mujibu wa sera ya afya. Asiyestahili msamaha wote anaweza kupewa nafuu au kulipa kwa awamu, na hilo linaombwa. Mara chache utatangaziwa. Wakati huohuo, uliza kuhusu kujiunga na bima. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, na kituo cha afya au ofisi ya kata watakueleza vifurushi vilivyopo kwenu. Uliza muda wa kusubiri kabla ya kadi kuanza kutumika, na kama inagusa upasuaji wa mifupa.

Ikifika kisu

Baada ya miezi mitatu ya mazoezi ya kweli, wapo ambao goti bado linawatoka: anashuka ngazi linamwachia, anageuka sokoni analala chini. Huyo anahitaji kuzungumza na daktari bingwa, na sasa MRI inaeleweka. Kila goti linapoachia, magegedu yanaumia zaidi, kwa hiyo kuvumilia hali hiyo miaka na miaka nako ni gharama.

Omba hesabu kamili kwa maandishi kabla ya kukubali tarehe. Iwe na ada ya daktari na ya chumba cha upasuaji, dawa ya usingizi, vifaa vinavyobaki ndani ya goti kama skrubu, siku za kulazwa, kifaa cha kufunga goti, magongo, na mahudhurio ya kliniki. Skrubu na vifaa vya namna hiyo ndivyo hushtua watu, kwa sababu hospitali nyingine humwachia mgonjwa kuvinunua pembeni. Linganisha angalau hospitali mbili, ya umma na ya taasisi ya dini, kwa kliniki ya kawaida. Kisha ongeza mstari ambao hakuna atakayekuandikia: fiziotherapia ya miezi sita hadi tisa baada ya upasuaji, nauli zake, na chakula cha nyumbani katika wiki ambazo hutafanya kazi. Dereva wa bodaboda asitegemee kurudi barabarani kabla ya miezi kadhaa.

Kama jumla hiyo haijatimia, na goti halijakwama, usiingie chumba cha upasuaji kwa nusu ya pesa ukitumaini mazoezi yatajipa yenyewe. Endelea kuimarisha paja, kaa mbali na mpira na mizigo ya kugeuka nayo, baiskeli na kutembea viendelee, na mchango uendelee kukusanywa. Paja lenye nguvu kabla ya upasuaji hurudi haraka baada yake, kwa hiyo miezi hiyo ya kungoja inafanya kazi upande wako.